Mkosi wa Kukodishwa

Wapendwa, amani iwe kwenu nyote. Wazee wangu, shikamooni. Kina mama mliokaa dirishani nawasalimu pia, na huyo mtoto anayelia msimtoe nje, mwacheni, mimi nimezoea kuongea juu ya kelele za makarasha, zile mashine za kusaga mawe. Mchungaji ameniomba niseme kwa kifupi. Nimemwambia nitajitahidi, ila yeye ni mtu wa huku, anajua Mkurya akipewa nafasi ya kusimama mbele ya watu, kukaa chini ni mpaka aombwe.

Sitamtaja mtu kwa jina. Wengine mmo humu ndani, na mmoja ameshaanza kuangalia viatu vyake.

Nilikuja hapa Matongo nikiwa kijana, wakati dhahabu inaita watu kutoka kila upande. Nyumbani kwetu Nyanungu niliacha mahindi na ng'ombe wa baba, nikajiambia nitarudi na pikipiki na koti la ngozi. Nilikuwa fundi wa matimba. Kwa wageni waliotutembelea leo, matimba ni yale magogo tunayosimamisha ndani ya shimo la dhahabu, tunaloliita duara, ili udongo usiwaangukie walio chini. Ni kazi ya shoka, msumeno na jicho. Hakuna anayeyasifia matimba. Mtu akitoka shimoni anasifia mawe aliyopanda nayo, magogo yaliyomlinda hata hayatazami.

Duara la kwanza nililoingia lilikuwa linatoa vizuri. Nilipoanza kazi tu, mwamba ukabadilika, likaanza kutoa jiwe tupu. Nikahamia lingine, likajaa maji. Kisha siku moja nikapita penye karasha, pale wanaposaga mawe, nikasema tu, "Habari za kazi," mkanda wa mashine ukakatika. Msimamizi wetu, mzee mmoja mwenye sauti nzito, akanitazama kuanzia kofia hadi kandambili. Akasema, "Huyu mura," yaani kijana, "ana mkosi."

Watu wakacheka. Ndugu zangu, nawaambia, na mimi nilicheka. Nilicheka kuliko wote ili waone sijaumia, na nilikuwa nimeumia sana. Ningenyamaza siku ile, au ningemwambia yule mzee kwamba mkanda wake ulikuwa umechakaa tangu juzi, pengine leo nisingekuwa na ushuhuda wa kutoa. Lakini nilicheka, na ukicheka neno la namna hiyo unakuwa umelikaribisha ndani na kulipa kiti.

Haukupita muda nikawa sina jina. Nilikuwa Mkosi. Mama lishe pale njia panda aliniambia kwa upole, "Shemeji, subiri kwanza aje mteja mwingine, anifungulie biashara," na mimi nasimama pembeni naangalia chapati zinavyopoa. Wa bodaboda walinibeba kama hakuna abiria mwingine, tena nikae nyuma kabisa nisimguse dereva bega. Kulikuwa na watu ambao tukikutana asubuhi wanaenda duarani, walikuwa wanageuza, wanarudi nyumbani, wanakunywa chai upya ili siku yao ianze tena. Wake zao walinichukia kwa sababu ya sukari. Mkono ndio hakuna aliyenipa. Nilikuwa napungiwa kwa mbali kama mtu aliye ndani ya basi.

Sasa sikilizeni nilivyozidi kushuka. Mwenye duara mmoja, mtu mkubwa mwenye meno ya dhahabu mbele, alinifuata nyumbani na jogoo mkononi. Tukakaa. Akazungukazunguka, akasema habari za mvua, akasema habari za ng'ombe, mwisho akasema ana jirani yake mwenye duara ambalo siku hizi linatoa mno, mpaka linawakosesha watu raha. Aliniomba kitu kidogo tu. Kesho asubuhi, kabla hawajaanza kazi, nikapite pale nikawasalimie.

Nilimchukua yule jogoo. Asubuhi nikaenda, nikasimama ukingoni mwa duara la watu, nikasema, "Habari za asubuhi, wakubwa." Wiki ile mvua ikanyesha, duara likajaa maji. Ilikuwa masika, wapendwa. Maduara yote yalijaa maji, hata la yule aliyenituma. Nyumba ya mchungaji wa wakati huo iliingia maji. Lakini hilo hakuna aliyelihesabu. Kilichosemwa ni kwamba Mkosi alisalimia, na maji yakaja.

Basi nikawa na kazi. Leo naletewa sukari nikamsalimie fulani, kesho naletewa sabuni na huyo fulani ili nisimsalimie. Kuna siku watu wawili waliogombana walinikodi wote, kila mmoja kwa mwenzake, na mimi kwa uaminifu nikaenda kwa wote. Kuna sherehe nilipelekewa nyama nyumbani kwa sharti kwamba nisifike. Nikanenepa. Nikaanza hata kujivuna, nikivaa kofia yangu nasema moyoni, leo nani aonje. Shoka langu likapata kutu. Ukiniuliza wakati ule mimi ni nani, nisingekuambia mimi ni fundi, wala mtoto wa watu wa Nyanungu, wala mume wa mtu. Ningekuambia mimi ni Mkosi, unataka nipite saa ngapi.

Tatizo la uongo wa namna hiyo ni kwamba huwezi kuutoa nje kila asubuhi halafu jioni usilale nao. Nilianza kuogopa mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa siangalii kuku aliyelalia mayai. Nilikataa kwenda msibani kwa mjomba wangu, na mke wangu akaniuliza naogopa nini wakati mjomba ameshakufa.

Mke wangu yupo pale, mwenye kitenge cha njano. Ametoka Machochwe, kule Serengeti, kwa watu wanaolima na kufuga karibu kabisa na hifadhi. Wakati huo ninaowasimulia alikuwa mjamzito, mimba yetu ya kwanza, baada ya kusubiri mpaka watu wakaanza kutupa ushauri. Tumbo lilivyokua na mimi nikazidi kuogopa. Nikimwona anapita karibu yangu nahama kiti. Mwisho nikamwambia aende kwao akajifungulie kule, mbali na mimi. Aliniuliza kama nimempata mwingine. Nikasema hapana. Akaniuliza basi nini. Nikambebea sanduku mpaka kwa bodaboda, na nikasimama mbali wakati anaondoka. Alilia, na mimi nikajiambia namwokoa.

Ninyi mnajua kwetu mwanamke akirudishwa kwao na sanduku maana yake ni nini. Mimi nilikuwa nawaza mkosi, wenzangu Machochwe walikuwa wanawaza ng'ombe. Walidhani nimemwacha na kwamba sasa nitakuja kudai mahari yangu. Na wale ng'ombe walikuwa hawapo. Shemeji yangu mkubwa, anayefanya biashara ng'ambo ya mpaka wa Sirari, alikuwa ameshawatumia kuolea mke wake mwenyewe. Maskini alikosa usingizi. Aliona kabisa mke wangu akiachika, na wake anaondoka.

Mtoto akazaliwa. Ni wa kike. Nilipigiwa simu, nikashukuru, nikasema nitakuja. Sikwenda. Nikapigiwa tena, nikasema kazi zimenibana, wakati nilikuwa nimekaa kitandani naangalia ukuta. Nilitamani kumwona mtoto yule mpaka kifua kinauma. Lakini nilikuwa nimeshaamini kwamba nikimgusa tu atakufa. Naomba msicheke hapo. Baadaye mtacheka.

Ndipo yule shemeji alipokuja na pikipiki hadi mlangoni. Hakushuka. Aliniambia, "Wewe, wacha mchezo. Ng'ombe tulishakula. Panda hapa, ukaseme mbele ya wazee ile kitu unataka." Nikapanda, nyuma kabisa, bila kumgusa bega.

Machochwe nilikuta wazee wameshakaa uani, baba mkwe katikati. Wakaniuliza shida ni nini. Kosa la binti yetu ni lipi? Ni mvivu? Ana mdomo? Nikasema hana kosa. Wakauliza kama mimi nadai chochote. Nikasema sidai. Basi ni nini? Nikawaambia ukweli wote, duara lililogeuka jiwe tupu, karasha, jogoo, masika. Mzee mmoja, bila kuniangalia, akasogeza kiti chake nyuma kidogo.

Sasa, kwa mila yetu, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hamkai pamoja, hamshikani mkono, na mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Kwa hiyo mama mkwe wangu hakuwepo uani. Alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, anasikia kila kitu. Kuongea na mimi hawezi. Pale nyuma kulikuwa na mbuzi amefungwa, na mama yule akaanza kuongea na mbuzi, kwa sauti ambayo nadhani hata wanyama wa hifadhini waliisikia.

"Wewe mbuzi, nisikilize," alisema. "Nasikia kuna mtu hapa anafukuza dhahabu kwa kusalimia tu. Mimi dhahabu sina. Nina mahindi, na tembo wanavuka mto kila jioni kuja kuyala. Mwambie huyo mtu leo akasimame kwenye mahindi yangu. Asipewe debe, asipewe tochi, asipewe pilipili za kuchoma. Aende na huo mkosi wake peke yake. Kama unafukuza dhahabu, ufukuze na tembo. Ukishindwa, asituletee tena habari hizo kwenye boma hili."

Mbuzi alikuwa anatafuna. Wazee wakatazamana. Baba mkwe akakohoa akasema anaona shauri la mbuzi limepita.

Wapendwa, nilikwenda. Na niwaambie siri ya moyo wangu, nilikwenda kwa kujiamini. Nilijua tembo hao leo wamekutana na mtu. Watu wazima wa Matongo walikuwa wanarudi kunywa chai upya kwa sababu yangu, sembuse mnyama. Nikasimama katikati ya mahindi, jua linaelekea kuzama. Wakaja, kundi zima, na wadogo wao. Nikasubiri wafike karibu, nikavua kofia, nikasema, "Habari za jioni."

Walikula.

Nikadhani hawajasikia. Nikasalimia tena kwa Kikurya, maana pengine Kiswahili chao ni kidogo. Wakaendelea kula. Tembo mmoja alinitazama, akang'oa bua la mahindi mbele yangu, akalikung'uta udongo kwa utaratibu kabisa, akaliweka mdomoni. Ndugu zangu, sijawahi kudharauliwa vile. Nilitoa mkosi wote niliokuwa nao. Nilisimama upande wa kulia, nikasimama upande wa kushoto, nikawapitia kwa mbele kama nilivyokuwa nafanya maduarani. Hata masikio hawakutikisa zaidi ya kawaida yao.

Kisha jike moja kubwa likaacha mahindi likaanza kuelekea nyumbani, upande wa ghala. Ghala liko ubavuni mwa jiko. Na jikoni alikuwemo mke wangu, na mtoto ambaye nilikuwa sijamwona.

Hapo sikumbuki kuwaza. Kulikuwa na bati la kibanda cha kulindia shamba limeanguka chini, nikalinyakua, nikaokota kipande cha gogo, nikaanza kulipiga na kupiga kelele nikikimbia upande ule. Nilipiga kelele za baba yangu akifukuza wezi wa ng'ombe, nikamtukana yule tembo na ukoo wake wote. Kumbe shemeji zangu walikuwa wamejificha pembeni muda wote na madebe, wanacheka, nao wakatoka na kelele zao. Jike likasimama. Likanyanyua mkonga, likanipima. Mimi nikazidi kupiga bati. Likageuka, na wenzake wakalifuata, wakavuka mto kurudi hifadhini.

Nikabaki nimesimama na bati mkononi. Nyuma ya ukuta nikasikia, "Mbuzi, umeona? Mkosi haukufukuza hata mmoja. Aliyefukuza ni mtu. Sasa mwambie huyo mtu anawe mikono akamshike mtoto wake."

Nilinawa. Nilinawa mpaka mke wangu akauliza kama nataka kuimaliza ngozi. Akaniwekea mtoto mikononi bila kuuliza kama niko tayari. Nikakaa nimemshika hivi, nangojea. Nikaangalia paa, nikaona liko pale pale. Nikaangalia mtoto, anapumua. Akapiga chafya, nikaangalia paa tena, halafu akalala. Kisha akanikojolea. Nikalia sana, wapendwa, mbele ya shemeji zangu wote, na yule wa Sirari naye akalia, ingawa nadhani yeye alikuwa anawalilia ng'ombe.

Baadaye tulipobaki wawili, mke wangu akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. "Kwenye maduara yote uliyopiga matimba, dhahabu ilikimbia. Sawa. Watu je?"

Nikafikiri. Nikapita duara moja baada ya jingine kichwani, na sura za watu. Nikamwambia watu wote walipanda juu wakaenda nyumbani kula.

Nilikuwa nimefanya kazi ile muda wote huo na sikuwahi kujihesabia.

Msidhani nilipona siku hiyo hiyo. Tulirudi Matongo wote watatu, na kuku mmoja akafa, nikaingia ndani nikajifunika shuka. Mke wangu akaja akanifunua akasema kuku alikuwa mzee. Ilibidi nijifunze kidogo kidogo, kama mtu anayetembea baada ya kutolewa bandeji ngumu. Nilisugua kutu kwenye shoka. Kila asubuhi nikinawa uso najisalimia kwa sauti, najiuliza nimeamkaje, na najijibu. Mke wangu ananicheka mpaka leo. Acha acheke. Zamani nilikuwa naamka nasubiri kusikia watu wameniamkiaje ndipo nijue mimi ni nani leo.

Mtihani ulikuja. Yule mwenye meno ya dhahabu alirudi, safari hii na beberu, maana bei yangu alidhani imepanda. Akataka nikamsalimie jirani yake. Sikuwa na kitu ndani, wapendwa, na beberu alikuwa ananona machoni mwangu. Mke wangu alikuwa mlangoni na mtoto.

Nikamwambia, "Jirani yako nitamsalimia kwa sababu ni jirani. Hiyo hailipiwi. Ila duara lako nililipita juzi. Matimba ya upande wa kushoto yameoza. Ukitaka nitakuja na shoka."

Akamtazama beberu wake. Kisha akasema, "Njoo. Lakini usisalimie."

"Nitasalimia kwanza," nikamwambia, "ndipo nishuke."

Na nilisalimia. Watu wote pale ukingoni waliganda, mmoja akajishika kifua. Halafu mzee mmoja mpiga nyundo akajibu, "Nzuri, fundi." Nikashuka na shoka langu huku machozi yananitoka, na nilishukuru kule chini kuna giza. Mtaniuliza kama dhahabu ilitoka. Siku nyingine ilitoka, siku nyingine haikutoka, kama kwa watu wote. Magogo yangu yamesimama mpaka sasa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, aliyeuliza kuhusu watu. Nawashukuru shemeji zangu na madebe yao. Namshukuru mama mkwe wangu, ambaye hatujawahi kushikana mkono wala hatutashikana, heshima ni heshima, lakini nikienda Machochwe huwa nasimama karibu na zizi nawaambia mbuzi wake asante, na yeye anasikia. Na kwako kijana uliyeambiwa hufai, na wewe binti uliyeitwa jina ambalo wazazi wako hawakukupa, nina neno moja tu. Usilicheke. Mwulize anayekuita hivyo ameona nini. Kisha kaa chini ujihesabie uliyoyafanya kwa mikono yako, hata kama ni gogo moja limesimama. Liseme kwa sauti, ujisikie mwenyewe ukilisema.

Ninakaa sasa, mchungaji, naona unanyanyuka. Ila kabla sijakaa nina ombi. Najua humu ndani kuna watu ambao mawe yao yanasagwa kesho asubuhi, na wengine mnashuka duarani alfajiri. Ni ninyi hasa ninaowaomba. Nitasimama hapa mbele, na kila mtu apite anipe mkono. Mkono kamili, siyo vidole.

Naona mzee wangu wa pale nyuma, uliyekuwa ukiangalia viatu, umeshasimama. Shikamoo, baba. Njoo.